Mama Faidha na Punda wa Daraja la Tatu

Tarehe 30 Juni 1998, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Sijaona Namtuka atamkabidhi mkuu wa kituo funguo za banda la punda. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na karibu miezi miwili ya utumishi katika Kituo cha Mafunzo ya Wanyamakazi, Mkunya, na miaka hamsini na mitano ya umri, ambayo kwa mujibu wa taratibu inatosha. Yeye anasema taratibu zina haraka.

Jina la Sijaona linatumika kwenye orodha ya mishahara tu. Hapa kituoni, na kuanzia Makote hadi Chilangala, anajulikana kama Mama Faidha. Hata mkuu wetu, Bw. Cecil Nakoma, ambaye ndiye msimamizi wake kikazi, kila asubuhi humwamkia shikamoo kwanza, akishaitikiwa marahaba ndipo anapompangia kazi. Mimi ni karani wa kituo tangu mwaka 1989. Nimepiga chapa vyeti vyote vya wanyama aliowafundisha tangu hapo, kwa hiyo nimepewa heshima ya kuandika habari zake katika jarida hili.

Mama Faidha alizaliwa Masasi, katika familia ya wakulima na wafanyabiashara wa Kiyao, akaolewa Newala na Bw. Khalfan Mrisho, fundi cherehani. Hakuja kituoni kufundisha mnyama yeyote. Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kama mpishi wa wakulima waliokuja kujifunza kulima kwa maksai. Alipika ugali na kunde, akaosha sufuria, akaondoka saa kumi. Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi leo.

Mwaka 1974 walikuja wageni wa heshima. Maksai wawili walikuwa wamefungwa jembe mbele ya jukwaa, na mwalimu wao akiwa katikati ya maelezo walishtushwa na makofi, wakaanza kukimbia na jembe moja kwa moja kuelekea kwenye viti vya wageni. Mama Faidha alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema neno moja tu la Kiyao, "Jima!", yaani simama. Maksai wakasimama kama waliopigwa misumari ardhini. Hapakuwa na muujiza. Kila asubuhi yeye ndiye aliyewamwagia pumba, na kabla ya kumwaga alisema neno hilo ili wasimkanyage miguu. Wageni walipiga makofi tena, safari hii kwa uangalifu zaidi. Mwezi uliofuata akahamishiwa zizini. Wazee wa kituo wanakumbuka kwamba siku ile ugali uliungua, na kwamba hakuna aliyelalamika.

Punda walifika mwaka 1991, wanane, kwa lori kutoka Dodoma. Maksai walikuwa wamebaki wachache, na shida kubwa ya watu wa huku juu haikuwa tena jembe. Ilikuwa maji yaliyoko chini bondeni, na magunia ya korosho. Biashara ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, lakini malori yaliishia barabara kuu. Mwenye shamba la mbali aliyeshindwa kufikisha magunia barabarani alimuuzia mchuuzi pale pale mlangoni, kwa kipimo cha mchuuzi. Punda mmoja mwenye mkokoteni angeweza kubadili hesabu hiyo.

Miongoni mwa wale wanane alikuwamo jike mmoja wa kijivu, mdogo kuliko wenzake. Siku ya kwanza alikataa kushuka kwenye lori, akakataa kuingia bandani, akakataa maji. Kwa kuwa enzi hizo kila kitu madukani na mitaani kilikuwa ruksa, Mama Faidha akampa jina la Ruksa. Alisema angalau mmoja wetu amkumbushe mnyama huyu kwamba zama zimebadilika.

Ruksa alifuzu daraja la kwanza, ambalo ni kusimama kimya akitandikwa na kubeba mzigo mgongoni. Akafuzu na la pili, ambalo ni kuvuta mkokoteni kwenye tambarare, kukata kona na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Kisha, Juni 1992, likatokea jambo ambalo kwa miaka miwili lilizungumzwa kwa sauti ya chini. Ruksa alikuwa akiteremsha mawe ya kujengea chemchemi. Mama Faidha alikuwa ameshika kamba. Mkanda wa nyuma, ule unaozunguka makalio ya punda na kuuzuia mkokoteni usimkimbize, ukakatika. Mkokoteni ulimgonga Ruksa miguuni, akatimua mbio, ukampiga tena na tena hadi ulipopinduka kwenye shamba la mihogo. Mama Faidha alimsafisha vidonda kwa maji ya chumvi kwa wiki tatu. Ngozi ikafunga. Lakini kuanzia hapo Ruksa hakukubali kitu chochote kimguse nyuma, hata jani la mkorosho.

Novemba 1993 ikaja barua. Watumishi wa wakati ule tunaikumbuka. Kila ofisi ilikuwa ikipunguza watu, na sisi tulikuwa tumeshapungua kutoka kumi na watano hadi sita. Wafadhili wapya waliandika kwamba kituo kisichoweza kuonyesha hata mnyama mmoja wa daraja la tatu hakikuwa na sababu ya kuitwa kituo cha mafunzo. Mtahini angekuja Septemba 1994. Tukishindwa, majengo yangefungwa.

Daraja la tatu hufanyiwa mteremkoni. Punda hushuka na mkokoteni uliosheheni, akiuzuia kwa makalio yake, hatua zikiwa za mwendo mmoja. Husimama kwenye alama mbili za chokaa, miguu yote minne imetulia. Chini bondeni hurudi nyuma hatua nne hadi kisimani, hupakiwa maji, kisha hupanda. Fimbo hairuhusiwi. Na linalotisha zaidi ni kwamba anayemwongoza si mwalimu wake. Mtahini huchagua mkulima yeyote ambaye punda hajawahi kumwona, na mwalimu hupewa robo saa tu ya kumwelekeza mgeni huyo. Baada ya hapo husimama kando, haruhusiwi kutamka neno.

Sote tulidhani angepelekwa Meja, dume kubwa lililovuta mzigo wa punda wawili. Mkuu alikuwa ameshaandika jina la Meja kwenye fomu.

"Meja anavuta," Mama Faidha alisema kwenye kikao. "Kuteremka si kuvuta, Mkuu. Ukimwongezea mzigo yeye anaongeza nguvu. Kule mteremkoni atauvuta mkokoteni mpaka mtoni."

"Basi nani?"

"Ruksa."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Mama Faidha, Ruksa anaogopa mkanda."

"Anaogopa kwa sababu anafikiri. Nitamfikirisha jambo jingine."

Mkuu akaichukua tena, akalikata jina la Meja kwa mstari mmoja. Ameniambia juzi kwamba hakuamini hata kidogo. Alikata jina kwa sababu katika miaka yote hiyo Mama Faidha hakuwahi kuomba kitu.

Kazi ilianza Januari 1994, na kwa miezi miwili ya mwanzo hapakuwa na mkokoteni wowote. Alichora duara kubwa kwa majivu nyuma ya banda, akamtembeza Ruksa juu ya mstari ule, kushoto kisha kulia, mkono wake ukiwa begani kwa mnyama, akihesabu hatua kwa sauti. Kushoto Ruksa alijipinda vizuri. Kulia alikuwa mkavu kama ubao, kwa sababu kovu kubwa lilikuwa mguu wa kushoto na hakutaka kuukanyagia. Mama Faidha hakumlazimisha. Alilipanua duara la kulia, na kila baada ya siku chache akalipunguza kwa shubiri moja. Robo saa asubuhi, basi. Tuliokuwa na hofu ya kupoteza kazi tulitamani amfundishe kutwa. Alitujibu kwamba punda aliyechoka anajifunza kuchoka.

Kisha akaja na kanga yake, ile ya maua mekundu, akaomba mumewe aishone kuuzunguka mkanda mpya ili uwe laini. Bw. Khalfan alivunja sindano tatu na kusema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha, lakini mkanda ulishonwa. Kwa wiki nzima mkanda ulining'inizwa tu karibu na hori la Ruksa. Wiki iliyofuata uliwekwa mgongoni wakati anakula. Ukasogezwa nyuma kidogo. Ukasogezwa tena. Siku ulipofika makalioni Ruksa alirusha mateke mawili, na Mama Faidha akaurudisha mgongoni.

"Jana alijua, leo hajui," alituambia. "Tunarudi jana."

Aprili mkanda ulikaa mahali pake. Mei mtu alishika kamba kwa nyuma na kuuvuta polepole, ili Ruksa ajifunze kuegemea badala ya kukimbia. Likafuata gogo la mkorosho, likafuata debe tupu lenye kelele, likafuata mkokoteni mtupu kwenye tambarare. Hapo ndipo tulipoanza kuona kitu tusichokizoea. Punda yule mdogo alikuwa akishusha makalio na kuinua mabega, hatua zake zikawa fupi na zenye kipimo, kama mtu anayeteremka ngazi na ndoo ya maji kichwani asitake kumwaga hata tone.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mkuu na Mama Faidha hawakukubaliana. Walimu wote hufundisha kwamba kamba ikikazwa mnyama asimame, ikilegea aende. Yeye alimfundisha Ruksa kinyume chake: kamba ikilegea, simama. Kwenda kulitaka mkono umguse begani.

"Mtahini atatucheka," Mkuu alisema.

"Acheke. Anayeogopa hakazi kamba, Mkuu. Anayeogopa anaiachia."

Julai alipata msiba. Dada yake mkubwa alifariki Masasi, naye akaenda huko kwa siku tisa. Ninayoandika sasa Mkuu mwenyewe ameniagiza niyaandike. Alihesabu wiki zilizobaki, akapatwa na wasiwasi, akamtoa Ruksa bandani na kumpeleka moja kwa moja kwenye mteremko mkali na mkokoteni wenye mzigo. Ruksa alishuka hatua thelathini. Mkuu alipojikwaa na kuikaza kamba ili asianguke, punda hakuelewa anaambiwa nini. Alikurupuka, akauburuza mkokoteni hadi kichakani, akasimama huko akitetemeka, haruhusu mtu kumsogelea.

Mama Faidha aliporudi, Mkuu alimngojea langoni. Akamwamkia, akampa pole ya msiba, kisha akasema, "Nimekuharibia kazi."

Mama Faidha akauliza, "Ameumia?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyeteguka mkono."

"Basi tuna bahati," akasema, akaweka mzigo wake chini, na kabla hajaingia nyumbani kwake akaenda kuchukua majivu jikoni. Asubuhi iliyofuata duara lilikuwa limechorwa upya. Zilibaki wiki tisa, na alizianza zote kutoka mwanzo.

Tarehe 20 Septemba 1994 mtahini alifika. Alikuwa Bw. Muharami, daktari wa mifugo kutoka pwani, mtu mpole wa uso na mkali wa kalamu. Watu walijaa ukingoni mwa mteremko, wengi wakiwa akina mama wenye ndoo. Miongoni mwao mtahini akamchagua Bi. Scholastika, mkulima wa Makote aliyekuja kuteka maji tu, ambaye hakuwahi kumshika punda maishani mwake.

"Mimi?" alisema. "Baba, mimi namwogopa hata mbuzi."

"Ndiyo maana nimekuchagua," mtahini akajibu.

Mama Faidha alimchukua pembeni kwa ile robo saa. Hakumpa mafunzo mengi. Alimwonyesha mahali pa kugusa begani, akamwambia, "Ukitaka asimame, legeza. Ukiogopa, legeza. Ukisahau kila kitu, legeza." Kisha akaenda kusimama mahali alipoelekezwa, mikono nyuma.

Ruksa alishuka. Viroba vya mchanga vilikuwa vimejaa mkokotenini, na mkanda wenye maua mekundu ulikuwa umekaza makalioni. Alama ya kwanza alisimama sawasawa. Bi. Scholastika aligeuka kutuangalia akicheka kwa mshangao. Hatua kumi kabla ya alama ya pili, mahali penye mwinamo mkali kuliko pote, kiroba cha nyuma kiliteleza, kikagonga ubao wa mbele kwa kishindo. Mkokoteni ukasukuma. Ruksa alirusha kichwa, masikio yakalala nyuma. Bi. Scholastika alipiga kelele, akaiachia kamba, akarukia kando, akaanguka.

Nilimtazama Mama Faidha. Midomo yake ilifunguka, na naamini neno lilikuwa tayari ulimini. Angelitamka, mtihani ungekwisha pale. Alifunga mdomo.

Kamba ililegea. Ruksa alishusha makalio mpaka mkia wake ukakaribia kugusa ardhi, akakita miguu ya nyuma kwenye changarawe, na mkokoteni wote ukamwegemea. Ukamwegemea, akaubeba. Alisimama. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, tuliona ngozi ikicheza, lakini hakusogeza kwato hata moja. Bi. Scholastika aliinuka, akapangusa magoti, akamrudia polepole. Akaokota kamba. Akamgusa begani.

"Twende, mama," akamwambia, na wakaenda.

Alama ya pili, miguu minne imetulia. Kisimani, hatua nne nyuma, zilizonyooka. Kupanda na pipa la maji kulikuwa kama matembezi. Walipofika juu akina mama walikuwa wakipiga vigelegele kiasi kwamba mtahini alilazimika kungoja.

"Nani aliyemfundisha kusimama kamba ikilegea?" aliuliza.

"Mimi," akasema Mama Faidha.

"Sijapata kuona hivyo. Kwa nini?"

Angeweza kujibu kwa maneno ya kitaalamu, nasi tungemsifu. Alisema, "Mwaka juzi mkanda ulipokatika, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba. Niliogopa, nikaiachia, nikaruka kando. Yeye akabaki peke yake na mkokoteni, hajui afanye nini. Nikasema siku nyingine mtu akiogopa, punda awe na jibu."

Bw. Muharami aliandika kwa muda mrefu. Mkuu wetu alikuwa amegeukia upande mwingine, akijifanya anahesabu viroba. Hicho kilikuwa cheti cha kwanza cha daraja la tatu kutoka katika kituo hiki, na nilikipiga chapa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliandika jina la mwalimu mahali pa jina la punda.

Kituo hakikufungwa. Tangu siku ile punda arobaini na mmoja wamefuzu daraja la tatu, wote wakifundishwa kusimama kamba ikilegea, na vituo vingine viwili vimeomba kuletewa utaratibu huo. Leo ukisimama barabarani Mkunya wakati wa msimu utaona familia zikishusha magunia yao wenyewe, zikiyapima mbele ya mnunuzi, zikikataa bei zisizozipenda na kugeuza punda. Akina mama wanaoteremka bondeni wanapanda na mapipa, na vichwa vyao havina kata ya kubebea ndoo. Mambo haya yana mikono mingi nyuma yake. Mkono wa Mama Faidha tunaujua.

Tangu mwaka 1996 amekuwa pia mtahini, na wenye punda wa Masasi wanaweza kuthibitisha kwamba hana huruma na miguu iliyosimama ovyo. Alimrudisha hata mnyama wa mkwe wake, mume wa Faidha. Kwa wiki mbili hawakusalimiana vizuri. Mwezi wa tatu baada ya hapo mnyama akafuzu, na mkwe alileta kuku.

Wiki mbili zilizopita, Bw. Silvano, atakayeshika nafasi yake, alipeleka mteremkoni dume alilolifundisha peke yake tangu mwanzo. Lilifuzu. Fomu ikaletwa kwa Mama Faidha, kwa kuwa mwalimu mkuu ndiye anayetia saini. Aliisoma yote kwa miwani yake mipya, akamsogezea Silvano kalamu.

"Saini wewe."

"Lakini Mama, wewe bado upo."

"Nipo, ndiyo. Nataka nione unavyosaini."

Silvano alisaini. Mama Faidha alipuliza wino ukauke, akaikunja karatasi, akanikabidhi mimi niipige chapa, kisha akaenda kunawa mikono.

Mama Faidha, kwa niaba ya watumishi wote, wa sasa na wale waliopunguzwa ambao wamesafiri kuja kukuaga, tunakushukuru kwa kazi na kwa ukweli wako. Umetufundisha sisi pamoja na punda. Mungu akujalie afya, magoti yasiyouma, mvua ya kutosha kwenye korosho zako, na asubuhi ndefu za kukaa na Bw. Khalfan mnywe chai mpaka iishe birikani. Nenda ukapumzike kwa fahari, mama yetu. Kazi uliyotuachia tunaijua.

Isabela, karani wa kituo